Kutoka Jani Hadi Jani

Watu wa kituo cha msitu walimwita Mama Matobo, naye hakuwahi kununa, maana jina lilikuwa haki yake. Kazi yake ilikuwa kupima matobo, si ya nguo wala ya barabarani, bali ya msitu. Mti mkubwa ukianguka hauendi peke yake; unaburuta na majirani, na kule juu, majani yaliposhikana yakawa paa, panabaki uwazi na jua linashuka mpaka chini. Hilo ndilo tobo. Mama Matobo alilifuata liliko, akalipima, akaliandika, na mwaka uliofuata akarudi kuona kama limepanuka au limeanza kujifunga. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mtu akimuuliza hiyo nayo ni kazi gani, alimtazama kidogo tu, kisha akaendelea kufunga kamba za viatu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na utani ulikuwa wake. Aliwaambia wateja kwamba yeye anaziba matobo na mkewe anayahesabu, sasa sijui nyumba hii itaendelea lini. Mkewe alijibu kutoka ndani kwamba siku miti itakapoanza kuvaa suruali atamletea wateja wa kutosha. Waliishi hivyo, wakitaniana, wakasomesha binti yao mpaka akawa muuguzi, na chumba cha mbele kilijaa vitambaa upande mmoja na madaftari upande wa pili.

Upimaji hakuusomea, na asikudanganye mtu kwamba alilionea haya jambo hilo. Kituoni aliingia kupika. Siku moja mpimaji wa wakati ule, bwana mmoja mkali mwenye mdomo kama upupu, alikosa mtu wa kumshikia ncha ya futi, akaingia jikoni akamwambia aache sufuria amfuate. Maharage yaliungua siku hiyo na wafanyakazi wakalala na njaa. Lakini jioni ile mpishi alikuwa amejua kitu kimoja ambacho hakukisahau tena: tobo linaanzia pale jani linapoishia.

Basi alipima hivi. Alisimama katikati ya uwazi, akachukua dira, akatembea kuelekea pande nane, moja baada ya nyingine, huku anavuta futi. Kila upande alitembea mpaka alipofika chini ya jani la mwisho. Lakini jani liko juu huko, utajuaje uko chini yake hasa? Hapo ndipo alipotoa timazi yake, uzi wa cherehani wenye nati nzito kichwani, kama ile ya waashi. Aliuning'iniza, akaufuata kwa jicho mpaka juu, na jani la mwisho likikaa sawa na uzi, alisimama, akasoma futi, akaandika kwa penseli. Kwa penseli, kwa sababu msituni mvua haipigi hodi na wino haujui kuvumilia. Shingo ilimuuma kila siku ya Mungu. Mumewe alimkanda kwa mafuta ya moto na kumwambia ameoa twiga.

Balaa lilikuja na mtaalamu mmoja kijana, msomi, mwenye buti mpya na adabu nzuri, tusimsingizie. Alitumwa kupima Kitalu cha Saba, sehemu ya msitu yenye miti minene kuliko yote. Kanuni za hifadhi zilisema kitalu ambacho matobo yake yamepita sehemu kumi katika mia kinahesabiwa kuwa kimechoka, na kilichochoka kinaweza kukatwa. Kanuni hiyo ilitungwa kwa kipimo cha jani hadi jani, na kwa kipimo hicho matobo ya Mama Matobo yalikuwa sehemu nne tu. Mtaalamu alikaa juma moja, akaondoka na kumi na tatu. Na wenye misumeno walikuwa wameshafika kituoni mara mbili, wakaulizia njia ya malori.

Hizo tisa za ziada zilitoka wapi? Mtaalamu hakuangalia juu. Alifunga tepe nyekundu kwenye mashina ya miti iliyozunguka kila tobo, akapima kutoka shina hadi shina. Alieleza vizuri tu kwamba majani yanapeperuka, leo yapo kesho hayapo, lakini shina halihami. Ukimsikiliza unakubali. Ila mti si nguzo, jamani! Una matawi, umeyanyoosha ndani ya tobo kama mtu anayeota moto, na chini ya matawi hayo kuna kivuli. Yeye kivuli chote alikiandika uwazi.

Fomu ya vipimo hivyo ilitaka saini mbili, ya mtaalamu na ya mpimaji wa kituo. Mkuu wa kituo akamwita Mama Matobo ofisini, akamkalisha kwenye kile kiti cha wageni ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, akasogeza fomu na kalamu. Mama Matobo akasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, mkuu akihema. Kisha akarudisha kalamu. Mkuu akambembeleza, akasema mambo ya wakubwa haya, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mama Matobo akamwambia yeye hakuingia mashindano, aliingia msituni. Hapo mkuu akabadilika sura. Akasema kuna watu wengi wanaoweza kushika futi, na mtu aliyetoka jikoni anaweza kurudishwa jikoni.

"Nirudishe," Mama Matobo alisema. "Nilitokea huko, njia naijua. Lakini saini yangu haitoki."

Jikoni hakumpeleka, alimpeleka stoo. Kesho yake asubuhi alikuwa amekaa kwenye kopo la rangi, anapaka mafuta buti za walinzi. Kazi ya stoo haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kamati ya hifadhi ingekuja siku ya nane tangu hapo kuangalia Kitalu cha Saba, ikubali au ikatae, naye angekuwa hapa na kopo la mafuta wakati miti aliyoijua mmoja mmoja inauzwa kwa kosa la hesabu.

Mumewe aliogopa, na hakuficha. Alimwambia mwenye nguvu mpishe. Mkewe akajibu kwamba amempisha maisha yake yote mpaka njia imekwisha, sasa yuko ukutani. Cherehani ikaendelea kidogo, kisha mkewe akamuuliza, suruali ikitoboka gotini, tobo analipima kutoka mshono hadi mshono?

"Nikipima hivyo," fundi alisema, "nitamwambia mwenye suruali kwamba hana mguu."

Alicheka mwenyewe, halafu akaacha kucheka. Alikata uzi mpya mrefu, wenye nguvu, akaufunga kwenye ile nati, akampa. Hakusema tena habari za kupisha.

Siku ya nane kamati ilifika watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mnene, mwenye mkoba mkubwa na macho ya kusahihisha madaftari. Mkuu wa kituo na mtaalamu, aliyerudi siku hiyo, waliwapeleka kwenye tobo la kumi na tisa, pale mvule ulipoangukia. Mama Matobo alisubiri waondoke, akaweka buti chini, akavaa timazi shingoni, akachukua futi na daftari, akawafuata. Alisema moyoni, liwalo na liwe. Mkuu wa kituo alipomwona anatokea vichakani alimuuliza nani kamwita.

"Hakuna aliyeniita. Nimekuja kazini."

Mwenyekiti akataka kujua huyu ni nani, na alipoambiwa ndiye aliyepaswa kusaini na amekataa, akasema aachwe aseme. Mama Matobo akasema. Lakini kusema hakukuwa kipaji chake, na mtaalamu alizungumza kama redio. Mtaalamu alionyesha tepe nyekundu, akanyoosha mkono wake safi, akarudia kwamba shina halihami, na mwenyekiti akawa anaitikia kwa kichwa. Mama Matobo aliona kichwa kile kinavyoitikia. Basi akaacha maneno. Akachomeka kijiti katikati ya tobo, akafunga futi, akaanza kupima upande wa kwanza kama vile hakuna mtu. Wajumbe wakamtazama, mmoja akaangalia saa.

Alikuwa upande wa sita mvua ilipokuja. Msituni mvua unaisikia kabla haijakufika, inakuja inanguruma juu ya majani, na watu wote wakageuka kusikiliza. Kisha ikamwagika. Mwenyekiti alikimbia, mkoba kichwani. Wajumbe wakakimbia, mkuu wa kituo akakimbia, mtaalamu akawapita wote. Mama Matobo hakukimbia. Zilibaki pande mbili, na tobo lililopimwa pande sita halijapimwa. Alisimama na timazi yake, maji yakimwingia machoni, akatafuta jani la mwisho, akalipata, akaandika. Akaenda upande wa nane.

Ni pale alipoinamisha kichwa kusoma futi ndipo alipoiona ardhi. Majani makavu yaliyotanda chini yalikuwa yameloa na kuwa meusi, na weusi ule ulikuwa na mwisho. Ulimzunguka pande zote, na nje yake majani yalikuwa bado makavu, rangi ya kahawia kama yalivyokuwa asubuhi. Mvua ilikuwa imelichora tobo lote chini, na ncha za viatu vyake zilikuwa juu ya mstari. Aliinua macho. Ng'ambo ya mstari, hawanyeshewi, wamejipanga, walikuwa kamati nzima na mkuu wa kituo. Mtaalamu alikuwa ameegemeza mgongo kwenye shina, na juu ya bega lake ilionekana tepe nyekundu.

Mama Matobo hakupiga kelele. Alimwomba mwenyekiti ashike ncha ya futi upesi, kabla majani hayajaanza kudondosha. Mwenyekiti akaishika. Kutoka kijitini hadi mwisho wa weusi ilikuwa mita tisa na sentimita ishirini. Daftari la Mama Matobo, upande ule ule, lilisema tisa na kumi. Kutoka kijitini hadi kwenye tepe ilikuwa mita kumi na sita. Mwenyekiti alisoma zote tatu mwenyewe, kwa sauti, kisha akamgeukia mtaalamu.

"Mwanangu, unanyeshewa?"

"Hapana, mama."

"Kwenye karatasi yako, hapo uliposimama pana nini?"

Mtaalamu aliangalia juu. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu afike. Alikaa hivyo, shingo imepinda. Kwa heshima yake tuseme kwamba hakutafuta jibu la uongo.

Mwenyekiti akaomba fomu. Mkuu wa kituo akaitoa kwenye faili aliyokuwa amejifunika nayo kichwani wakati wa kukimbia, na wino wote ulikuwa umechuruzika, kumi na tatu yao imekuwa doa la bluu. Mama Matobo akachana ukurasa mtupu wa daftari, akaandika tobo la kumi na tisa, pande zake nane, na chini yake hesabu ya kitalu kizima, nne katika mia. Kisha akatoa ile saini aliyosema haitoki. Mwenyekiti akaikunja karatasi na kuitia mkobani. Akasema kwamba kitalu hiki hakijachoka, na kwamba wenye misumeno waandikiwe hivyo kesho.

Mkuu wa kituo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba penseli haikubaliki kiofisi.

"Wino wako uko wapi?" Mama Matobo alimuuliza.

Akakamua ncha ya gauni, akakunja futi, akaelekea tobo la ishirini, kwa sababu juma zima alikuwa stoo na kazi ilikuwa imelala.