Baridi ya Miaka Kumi na Mmoja

Fundi Barafu alikuwa na mazoea ambayo mafundi wenzake hawakuchoka kuyacheka. Kila alipongoja injini ipate moto, alifumba macho. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, akaegemea ubavu wa gari, akatulia kama daktari aliyeshika mshipa wa mgonjwa. Injini ilinguruma chini chini. Feni ilimpulizia usoni vumbi la barabara ambazo hakuwahi kuzipita. Na yeye, kwa dakika kumi au kumi na tano, alikuwa hayupo. Alikuwa anatembea na maji huko ndani, kwenye vijia vyembamba vya chuma, akizunguka kila pembe, akitafuta mahali yalipokatiwa njia au yalipopata upenyo wa kutorokea.

Jina la Barafu alipewa kwa kazi hiyo. Gari lililochemka, lililokokotwa kwa kamba huku likifuka kama birika, lilipelekwa kwake, na likitoka kwake halichemki tena. Dawa yake kubwa ilikuwa moja. Alifungua kofia ya chuma pale bomba la juu linapoungana na injini, akatoa themostati, kidude kinachoenea kiganjani, kisha akafunga bila kukirudisha. Kazi ya kidude hicho ni kuwa mlango. Huyazuia maji ndani ya injini mpaka yapate moto sawasawa, ndipo hufunguka yaende kupozwa. Kikikwama kimefungwa, injini inachemka. Fundi aliyemfundisha alimwambia kwamba kitu hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji. Huku kwetu jua lenyewe linatosha, na mlango wa nini kwenye nyumba ambayo haiingii baridi. Barafu aliyapenda maneno yale, akayashika. Themostati zote alizozitoa alizitunga kwenye waya na kuutundika mlangoni pa gereji. Zilikuwa zimepita mia mbili. Upepo ukizigusa zililia kwa sauti ndogo, ya mbali, na wateja waliziangalia kama watu wanavyoangalia vyeti ukutani.

Alhamisi moja mchana dada yake alimletea gari lake.

Dada huyu alimtangulia kuzaliwa kwa miaka tisa, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa mkunga. Kila Jumanne alipanda milimani, kwenye zahanati ambako ukungu hauinuki mpaka adhuhuri, akapima wajawazito, na jioni akashuka na yeyote aliyehitaji hospitali kubwa. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la zamani, mlango mmoja una rangi yake peke yake.

Alisema maji ya rejeta yanapungua. Kila baada ya siku mbili anaongeza lita nzima, na chini ya gari pakavu.

"Linakunywa kuliko mimi," alisema, "na sijaona linakojolea wapi."

Barafu alicheka, akamwambia aliache. Dada akamnyooshea kidole. Jumanne lazima apande, alisema, na akikwama kule juu na mama mwenye uchungu, basi mdogo wake ndiye atakayeitwa kuja kuzalisha.

Ijumaa asubuhi Barafu alianza. Alifunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma upepo ndani mpaka mshale wa kipimo chake ukafika alipotaka, akaketi kwenye tairi kuukuu kuutazama. Mshale ulishuka polepole, kama mtu anayesinzia. Maji yalikuwa yanatoka. Lakini wapi? Alilala chini kifudifudi na tochi: pakavu. Alipitisha kidole kwenye maungio ya mabomba yote, akatazama tundu la chini la pampu ya maji, akachunguza kama oili imegeuka rangi ya maziwa, akanusa moshi wa ekzosi. Hakupata kitu. Kufika saa sita mgongo ulikuwa unamlalamikia, akaingia kuketi kwenye kiti cha abiria, mahali ambapo dada yake huwaketisha wagonjwa wake, akafumba macho.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Ilikuwa tamu, nzito, kama sukari iliyosahauliwa jikoni. Aliinua mkono akagusa kioo cha mbele kwa ndani, na kidole kikateleza kwenye utando wa mafuta mafuta. Akainua zulia la miguuni. Lilikuwa limelowa chapachapa kwa maji ya kijani ya rejeta. Dada alikuwa ameona unyevu ule zamani, akadhani ni chupa yake ya chai inayovuja.

Basi maji yalikuwa yanavuja ndani ya gari lenyewe, nyuma ya dashibodi, kwenye hita: rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini ili feni iwapulizie watu joto. Barafu alitabasamu peke yake. Hakuna raha inayofanana na ile ya kukiona kitu kilichokuwa kinakuchezea maficho.

Kisha tabasamu likamkauka.

Alikumbuka kwamba hita hii alikwisha kuizika. Miaka kumi na mmoja iliyopita gari hili lilichemka, naye akalipa dawa yake ile ile. Mwezi uliofuata dada akarudi, akasema siku hizi hita inapuliza baridi, huko juu anaganda miguu. Barafu alikuwa na magari manne uani. Hakufungua hata boneti. Alimjibu, hita imekufa, dada, gari la zamani hili, vumilia. Naye akavumilia, kwa sababu aliyesema ni mdogo wake, na mdogo wake anajua.

Aliwasha injini. Akashika mabomba mawili membamba yanayoingia kwenye hita, akafumba macho kama kawaida yake. Robo saa ikapita. Nusu saa. Safari hii hakwenda mbali. Alibaki pale pale, na mabomba yalibaki vuguvugu mkononi, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini. Hita haikuwa imekufa hata siku moja. Maji yamekuwa yakipita humo miaka yote hiyo, ila hayakuwahi kupata moto, maana mlango wa kuyashika haukuwapo. Huku bondeni nani angejua? Lakini kule kwenye ukungu, rejeta ikipigwa na upepo wa mlima, yalikuwa baridi kama mto.

Alitoka akasimama chini ya ule waya. Alitaka kuiona ya dada. Alizigeuza moja moja, zenye kutu na zinazong'aa bado, lakini zote zilifanana.

Kilichomrudia ni hadithi ambayo dada aliwahi kuisimulia, wakaicheka wote wawili mpaka machozi. Alikuwa anashuka na mama aliyejifungua kabla ya siku zake, na mtoto alikuwa mdogo kama mkate. Kwa baridi ile, dada alimvika mtoto soksi zake mwenyewe, moja ikamfika shingoni, akampa mama koti, akaendesha peku na blauzi tupu, meno yakigongana, huku akiimba ili wasisikie meno. Mtoto alifika salama. Sasa yuko shule. Barafu alikuwa amecheka sana siku ile.

Jirani yake, fundi wa rangi ambaye kila mtu alimwita Rangi, alimkuta amesimama hivyo akamuuliza kama anahesabu mali. Barafu alimweleza yote. Rangi alisikiliza huku akikwangua rangi kavu kwenye kucha, kisha akaona jambo lenyewe ni dogo. Aweke themostati mpya, aweke hita nyingine, amwambie dada amemfufulia hita yake. Atabarikiwa na chakula juu.

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mteja," alisema Rangi.

Lilikuwa shauri zuri, na Barafu alilala nalo. Dada alikuwa mtu wa pekee duniani aliyeamini kila neno lake bila kuuliza mara mbili. Akimwambia ukweli, huenda asiamini tena hata moja. Akinyamaza, ataamini yote, na hilo ndilo lilimkosesha raha zaidi. Jumamosi alipata hita nzima kwenye gari lililokatwa vipuri, akaifunga. Themostati akanunua mpya, imegongwa namba themanini na mbili mgongoni, digrii za joto itakapofunguka. Kabla ya kufunga kitu kama hicho ni vizuri kukijaribu kwenye maji ya moto. Jiko lilikuwepo gerejini. Jumapili alasiri alikitia mfukoni akaenda nacho nyumbani kwa dada.

Alimkuta jikoni anapiga pasi sare zake. Akaomba sufuria asiyoipenda.

"Zote nazipenda," alisema dada, lakini akampa ya kuchemshia mayai.

Barafu alijaza maji, akafunga kidude kwa uzi, akakining'iniza kutoka kwenye uma uliolazwa juu ya mdomo wa sufuria, kisiguse chini. Dada aliweka pasi pembeni, akaja kuchungulia. Akauliza kitu hicho kinaiva kwa muda gani na kama kinahitaji chumvi. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaenda kuleta kipimajoto chake.

"Hicho kinaishia arobaini na mbili, dada. Huyu anafumbua macho kwenye themanini na mbili."

"Basi huyo mgonjwa si wangu."

Waliinama wote wawili. Maji yalianza kutoa vipovu vidogo kama chembe za mchanga. Mvuke uliwapanda usoni, dirisha likafifia, jikoni pakawa kama chini ya maji. Barafu aliona ni rahisi zaidi kuyaambia maji.

"Hita yako haikufa," alisema. "Hiki kitu nilikitoa kwenye gari lako miaka kumi na mmoja iliyopita. Bila hiki maji hayapati moto. Ulipokuja kuniuliza, sikufungua hata boneti. Nilikujibu tu."

Dada alizidi kuinama. Ndani ya sufuria kisahani cha shaba kilitikisika, kikaanza kuinuka, taratibu mno, mpaka pakaonekana upenyo kama mwezi mchanga. Wakautazama ukipanuka.

"Kinafunguka kama njia ya mtoto," alisema dada. "Nacho hakitaki haraka." Kisha, kwa sauti ile ile: "Mimi mama akija kwangu nisimpime, nikamwambia mtoto wako amekufa, wewe ungeniita nani?"

Barafu alikitazama kidude kikizunguka kwenye uzi wake.

"Hukupima," alisema dada.

"Sikupima."

Dada alizima jiko. Alisimama akimpa mgongo, akakunja sare moja, akaikunjua, akaikunja tena. Akauliza wako wangapi wengine. Barafu akasema mia mbili na kitu, wengi wao wa huku chini, hawapati shida kubwa zaidi ya magari yao kula mafuta, lakini wapo wachache wanaopanda mlimani.

"Hao wachache utawafuata mmoja mmoja," alisema dada. "Useme kama ulivyosema hapa. Na Jumanne unaendesha wewe."

Jumatatu alikifunga kidude mahali pake, akajaza kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta, akatoa hewa, akawasha. Akaweka kiganja juu ya bomba la juu. Baridi. Baridi bado. Dakika zilipita na bomba halikubadilika, mpaka alipoanza kusahau kwamba anangoja; ndipo moto ukaja ghafla chini ya mkono wake, wote kwa pamoja, kama umati uliofunguliwa lango. Alikuwa hajausikia muda mrefu. Alipoufungua mkono, kiganja kilikuwa chekundu.

Jumanne waliondoka alfajiri imeshapambazuka. Kwa saa nzima dada aliongea habari za zahanati tu. Barabara ilianza kujizungusha, miti ikawa vivuli, kisha ukungu ukafunga kila kitu, wakawa wanasafiri ndani ya pamba. Dada alinyoosha mkono, akasukuma kitufe cha hita mpaka mwisho.

Kwanza ilitoka harufu ya vumbi lililoungua. Kisha joto likaja. Dada alivua viatu, akaipeleka miguu yake pale linapotoka, akavichezesha vidole kimoja kimoja kama anayevihesabu. Baadaye akafumba macho.

Barafu alifungua kifungo cha juu cha shati, kisha cha pili. Jasho lilimtiririka mgongoni, likamwingia machoni. Polepole alipeleka mkono kwenye kitufe ili apunguze kidogo tu.

"Acha," alisema dada, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Akaacha.