Kiti cha Pikipiki Yangu

Ninyi mlionicheka Jumapili huko Thika, chekeni tena, lakini mjue ile pikipiki niliifufua mwenyewe. Mzungu wa shamba letu la kahawa, hapa Ruiru, aliitupa bandani mpaka kuku wakataga mayai juu yake, kisha akanipa bure. Mimi ndiye fundi wa mashine ya kumenya kahawa, kwa hivyo injini haikunisumbua. Mnyororo niliutoa kwenye mashine mbovu, na plagi nikaisugua kwa msasa ikang'aa.

Kilibaki kiti. Ngozi ya dukani iko ghali, basi Jumamosi nikachukua ngozi mbichi ya mbuzi kwa mchinjaji, nikaishona vizuri sana. Nilisema itakauka na upepo wa barabarani.

Jumapili nikavaa suti nikaenda kwa wazazi wa mchumba wangu, Wambui, kuzungumzia mahari. Njia nzima watu walisimama kunitazama, nami nikawapungia mkono. Mbwa walinifuata, nikafikiri hawajazoea kuona mashine safi namna hiyo.

Nilizima injini kwa madaha mbele ya nyumba, na wazee wote wakatoka nje. Mbwa nao wakafika, wakaanza kulamba kiti kabla sijashuka.

Baba Wambui aliizunguka pikipiki polepole, ameziba pua.

"Kijana," akasema, "tulikubaliana utaleta mbuzi. Hatukujua utakuja umemkalia."