Mutoto Wangu Alimuchagua Adui Yangu

Yule mwanamuke nitamuita adui yangu, maana kwangu njo jina lake. Jina alilopewa na baba yake sikulitamka tena tangu vita, na sitaanza leo eti kwa sababu nimezeeka. Uzee haugeuzi adui kuwa dada. Unamuotesha mvi tu.

Zamani tulikuwa majirani. Yeye Muislamu, mimi Mukatoliki, na hiyo haikuwa kitu kwetu Kindu: Idi nilikula kwake, Noeli alikula kwangu, na nywele zangu alizisuka yeye. Kisha vita ikafika. Askari walikuwa mujini, wenye bunduki wengine walikuwa porini wametuzunguka, na katikati yao tulikuwa sisi na njaa. Muhogo ulikuwa unaota mashambani, lakini aliyeenda kuuchimba hakujua kama atarudi. Siku risasi zilipoingia mtaani kwetu, tulikimbia jamaa kadhaa pamoja, tukashika upande wa Kailo, tukajificha bondeni kwenye matete. Mgongoni nilikuwa na kitinda mimba wangu, binti, hajaacha kunyonya. Alikuwa na homa. Alilia.

Adui yangu alikuwa amechutama kando yangu na watoto wake. Tulisikia watu wanapita njiani kule juu, vyuma vyao vinagongana. Akaniangalia, akasema polepole, bila hasira, kama muntu anayekuomba ufunge mulango: "Toa mutoto wako hapa. Atatuuza."

Nikawaangalia wengine. Kila mumoja akaangalia miguu yake. Nilikaza kikwembe, nikaondoka peke yangu, jua liko utosini, matope mpaka magotini, mutoto analia njia yote. Hatukufa. Muzee mumoja aliyekuwa anakamua mafuta ya ngazi, yaani mawese, alituona, akatuficha kwenye kibanda chake mpaka homa ikashuka. Na wale waliobaki kwenye matete pia hawakufa. Kama wangekufa, ningewalilia. Kama tungekufa sisi, wangejuta. Wote tukapona, basi ikabaki chuki tu, nzima, bila kovu.

Tuliporudi mujini sikumusalimia tena. Soko letu ni lile lile: yeye anauza samaki wa kukauka, mimi nauza sombe, yale majani ya muhogo, na mafuta. Miaka yote hiyo tunapeana migongo. Watoto wangu niliwafundisha wamujue vile unavyomufundisha mutoto kujua nyoka. Na yule binti nilimulea kwa habari ile. Wengine wanawahadithia watoto wao ubatizo wao. Mimi nilimuhadithia matete. Nilimuambia: ulilia, sikukutupa; sasa umekuwa mukubwa, usilie tena. Akashika. Alipojifungua mara ya kwanza hakupiga kelele, na wazalishaji walinisifu mimi. Mume wake alipoenda kuchimba dhahabu mahali panaitwa Kama, akapata mwanamuke mwingine kule, akabaki, binti yangu alisema neno moja: "Iko sawa, Mama." Nilijivuna. Nina wajukuu wa kujaza mutumbwi, na nasema bila haya kwamba walio wake njo wenye akili kupita wote, kwa sababu walilelewa na mwanamuke ambaye hayeyuki.

Ugonjwa aliuficha vile vile. Nilianza kushituka siku alipotaka kujitwika beseni la mihogo na mukono ukakataa kupanda. Nilimuuliza, akasema iko sawa. Nilimukokota mpaka hospitali. Munganga alituambia ni kansere ya titi, na kwamba inafaa kulikata, na kwamba daktari wa kupasua atafika hapa kwa muda mufupi kisha ataenda zake. Binti akasema iko sawa. Siku ya kurudi kwa kupimwa damu, akaenda sokoni. Wakamupa siku ingine, akaenda kufua. Hakusema hapana hata mara moja. Laiti angesema hapana, ningepigana naye. Utapiganaje na muntu anayekuitikia?

Nyumbani walikuwa wanaingia watu kama siafu. Shangazi wa mume wake alikuja na mudomo wake kusema ugonjwa wa namna hii hauji bure, kuna muntu ameutuma. Nilimuuliza kama ni yeye, maana alikuwa anaujua vizuri sana. Wa chumba cha maombi walitaka mugonjwa afunge kula. Niliwaonyesha njia kwa fagio. Mwanamuke mumoja alikaa mukekani akaanza kulia na kuimba kama tuko matangani, huku jicho moja linapima vikwembe vilivyoanikwa kwenye kamba. Huyo alitoka bila viatu.

Munganga alipoona binti hafiki, alitutuma kwa mushauri. Ni musichana kutoka Bukavu, kazi yake kusikiliza wagonjwa na wanaowauguza. Mara moja kwa wiki anawakusanya wanawake wenye kansere pamoja na watu wao kwenye chumba nyuma ya hospitali, wanakaa duara, wanasema yaliyo moyoni. Mimi ya moyoni mwangu nayasema sokoni bila kualikwa, sikuona kwa nini nikakae duara. Lakini nilimupeleka.

Kuingia tu, nikamukuta adui yangu amekaa pale, miguu ameinyoosha, kama kwake.

Niliuliza kwa sauti nani amemualika. Mushauri akaniambia huyu mama alimuuguza mudogo wake aliyekuwa na kansere, na ingawa mudogo ameaga dunia, yeye anaendelea kuja kusaidia wengine. Nikasema: kumbe hapa munafundishwa namna ya kuzika. Mushauri, kwa ile sauti ya kulaza watoto, akanieleza kwamba hapa mumoja anasema na wengine wanamupokea, hakuna kujibizana. Nilimuuliza wanamupokea na nini, na masahani?

Adui yangu hakungoja zamu.

"Nilimuzika, ndiyo," alisema. "Na nilimuosha kidonda mpaka siku ya mwisho, kwa mikono hii. Wewe muulize wako kama anakubali umuoshe."

Alinipiga mahali penyewe. Binti alikuwa anaoga akiwa amefunga mulango kwa kamba. Lile titi sikuwa nimeliona hata siku moja. Sijui adui yangu alijuaje. Labda wagonjwa wote wanafanya vile.

Tuliendelea kwenda, kwa sababu nilimuona binti anajitayarisha mwenyewe siku ya duara, yeye ambaye siku ya munganga alikuwa anakimbia. Walikuwa wanawatenga kwanza: wagonjwa na mushauri ndani, sisi wenye kuwauguza nje kwenye kivuli cha ukuta. Adui yangu hakukaa na sisi. Alikuwa anaingia ndani na wagonjwa, na ungo wake wa muchele, anachambua mawe huku wao wanaongea. Nilisikia binti yangu anacheka mule ndani. Mara ingine nilisikia kilio, nikajiambia ni mwanamuke mwingine.

Kisha daktari wa kupasua akafika. Muuguzi akaja mpaka kwenye duara, wote tumekaa pamoja, kuuliza kila mugonjwa nani atakuwa gadimalade wake, yule muntu wa kulala naye hospitali, kumupikia, kumuosha, kumugeuza. Nilikuwa nimeisha kutayarisha mukeka wangu na sufuria. Muuguzi akamufikia binti yangu. Binti akanyoosha kidole, si kwangu.

"Huyu mama," akasema, na kidole kikamuangalia adui yangu.

Sikusema neno pale. Nawajulisha wanaonijua kwamba inawezekana. Nilisimama, nikatoka, na yeye akanifuata mpaka kwenye njia ya kwenda kivukoni. Pale nikamugeukia. Nilimuuliza kama amesahau nani alimubeba na nani alimufukuza. Nilimuambia mengi, na watu wa motari, wale wa pikipiki za abiria, walizima mashine zao wasikilize vizuri. Alingoja nimalize.

"Mama, mbele yako naogopa hata kuogopa," akasema. "Nikilia, uso wako unajifunga. Yule nikilia, anaendelea kuchambua muchele wake."

"Alikutupa."

"Njo maana. Alishanitupa mara moja, na niko hapa. Kwake sina kitu cha kupoteza. Lakini wewe, nikianguka mbele yako, wewe njo utakufa."

Nilimuuliza: na nikikataa? Akasema basi haendi. Halafu, kwa sauti ndogo: "Haiko sawa, Mama. Haijakuwa sawa hata siku moja."

Kuna watu wangemukumbatia. Mimi nilimuambia arudi nyumbani watoto wana njaa, na nikapiga njia moja kwa moja mpaka kwa adui yangu.

Nilimukuta nyuma ya nyumba, anageuza samaki juu ya moshi. Sikuwa nimekanyaga uwanja ule tangu vita. Hakunikaribisha. Aliendelea kugeuza, na mimi nikasimama.

Nikamuambia sikuja kwa amani. Akasema amani hajaiomba. Nikamuuliza anataka nini na mutoto wangu, anataka nini hasa, kama ni dhambi yake anaiosha, akatafute maji ya kuoshea kwingine. Hapo akaweka chini kile kijiti.

"Dhambi gani? Nilikuwa na watoto wangu pale kwenye matete. Leo pia ningesema neno lile lile."

"Na mimi leo pia ningekuchukia vile vile."

"Basi tumesikilizana," akasema, akashika kijiti chake tena. "Sasa niambie huyo mutoto anakula nini. Nitamuosha, nitakesha naye. Lakini kupika sijui. Hata marehemu mudogo wangu alikuwa ananiambia anakufa kwa supu yangu, si kwa kansere."

Nilitaka kumuachia maneno yake hewani niende zangu. Lakini daktari alikuwa mujini, na siku za daktari zilikuwa zinapita. Kwa hiyo nilimuambia. Nilimuambia nikiwa nimesimama, kwa sauti ya kutukana, kila kitu nilichokusanya tangu nilipomuzaa. Kambale asimupe, wanamutapisha. Analalia upande wa kushoto. Kama titi linalokatwa ni la upande ule hatapata usingizi, amuwekee nguo iliyokunjwa chini ya bega. Maji baridi hayapendi hata kwenye joto. Akinyamaza sana, miguu yake imekuwa baridi, amufunike miguu, asimuulize. Na akisema iko sawa, asiondoke.

Adui yangu alikuwa anarudia nyuma yangu kwa midomo, bila sauti, vile watu wanavyoshika sala. Nilipomaliza, aliuliza kama ni bega la kushoto au la kulia. Nilimuambia kushoto, mujinga wewe, nimesema kushoto. Akasema kushoto.

Wakamukata. Nilikaa kwenye uwanja wa hospitali pamoja na masufuria yangu, kati ya familia zingine zinazopika kwenye mafiga, na sikutaka kuongea na muntu. Mushauri alikuja akakaa kando yangu chini, na miwani yake na sketi yake safi. Aliuliza najisikiaje. Nikamuambia najisikia kama muntu anayekaliwa kikwembe chake. Akasogea kidogo. Hakuondoka, na hakuuliza tena. Nampa hiyo: kukaa kimya na muntu mubaya ni kazi, na wengi hawaiwezi.

Alasiri binti alitolewa kwenye chumba cha kupasulia akiwa hai, akapelekwa wodini, na adui yangu akaingia naye. Mulango ulikuwa wazi. Dawa ya usingizi ilipomuisha nilimusikia. Hakulia kama muntu mukubwa. Alilia kama yuko kwenye matete na hakuna muntu njiani. Uwanja mzima ulisikia. Mama mumoja aliyekuwa anakoroga uji akauliza huyo ni mugonjwa wa nani. "Wangu," nikamuambia. Miguu yangu ilitaka kuingia. Niliikalia.

Chakula nilikuwa nampa adui yangu mulangoni, bila salamu. Yeye anapokea, anaingia, anarudisha vyombo. Vyombo anaviosha vibaya, navirudia. Nguo za kidonda alitaka kuzifua yeye, nikamunyang'anya, maana alivyokuwa anasugua ungesema anambembeleza muntu. Nilizifua mimi pale bombani. Hivyo nikaijua damu ya mutoto wangu, na usaha, na siku ulipoanza kupungua, ingawa kidonda chenyewe sikuwa nimekiona.

Kisha siku moja adui yangu alitoka na sufuria ya sombe ikiwa bado imejaa. Nikaruka. Nikamuuliza amezidiwa, homa imepanda, kuna nini.

"Hajazidiwa," akasema. "Anasema sombe yako ina chumvi kama ya kuhifadhia samaki. Anasema imekuwa hivyo tangu yuko mudogo. Anasema ule wewe."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na ameniambia nisipunguze neno."

Alikuwa amefurahi, yule mwanamuke, sijawahi kumuona amefurahi hivyo. Tangu azaliwe, binti yule alikula kila nilichoweka mbele yake, akaramba sahani, akasema asante Mama. Na miaka yote hiyo ilikuwa chumvi.

Nilimunyang'anya sufuria, nikaonja mbele yake. Haikuwa na chumvi nyingi. Nasema hapa na nitasema mahali popote: haikuwa nyingi. Lakini nilirudi nyumbani kwa miguu, nikatwanga majani mengine, nikapika upya bila kuweka chumvi hata chembe, nikarudi nayo ikiwa bado inachemka, nikampa adui yangu mulangoni. Nilimuambia amupelekee hiyo, na akiwa na neno lingine la kusema juu ya upishi wangu, aniite ndani aniambie usoni.

Alipotoka tena, aliniambia niingie.