Bidoni za Mama Constance

Mama Constance, dada mkubwa wa mama yangu, ana miaka hamsini na sita, na nafikiri nusu yake ameipitisha akiwa ndani ya ziwa mpaka kiunoni. Si mvuvi. Samaki anawaogopa, anasema wana macho ya watu wa kodi. Kazi yake ni mihogo. Inateremka kutoka Lubondja kwa pikipiki, anaimenya, anaijaza kwenye magunia, anayafungia mawe na kuyazamisha hapa ufuoni Baraka siku nne, mpaka ilegee na uchungu utoke. Ukiitoa mapema inaumiza tumbo. Ukichelewa siku moja inaoza, na mbwa wenyewe wanahama mtaa.

Kila mama ana alama yake: bidoni tupu ya njano, dumu la plastiki linaloelea, imefungwa kwa kamba mpaka kwenye gunia. Kulitoa gunia, lazima uzamishe kichwa chote, upapase fundo, ufungue mawe. Hapo chini ndipo uoga wake ulipoanzia.

Tangu mwaka jana vijana waliopata dhahabu Misisi wanateremka Jumamosi na Jumapili na boti za kasi. Wanasema wanapumzika. Kupumzika kwao kunasikika mpaka milimani. Ukiwa juu ya maji unajua sauti ya moteri ya boti inatoka wapi. Mama Constance aliniambia kuwa chini inatoka kila upande, inaingia kwenye meno, na hujui kama ukiinua kichwa utakutana na hewa au na chuma.

Mwezi wa sita Solange, jirani yake, aliinua kichwa vibaya kidogo. Kichwa kilipona, panga la moteri lilichukua nyama ya mguu, na hadi leo anatembea na fimbo.

Basi Mama Constance akatoa shauri: tuongeze bidoni, hata kipofu aone kwamba kuna watu. Akazunguka ufuo mzima kuwaomba wenzake, akavuka mpaka mdomo wa mto, kwa Mama Suzanne na kundi lake. Bidoni kumi zikawa arobaini. Na boti zikazidi kuja. Zilikuwa zinapinda katikati ya bidoni, kushoto, kulia, kushoto, na mawimbi yakawa yanawapiga akina mama kifuani.

Shefu wa mtaa aliita watu wote ofisini kwake. Placide, mwenye boti nyekundu, alikuja na miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Alipoulizwa kwa nini hawaendi mbali, alishangaa kweli, hakuwa anaigiza.

"Mama, tulizani ile mabidoni munatuwekea sisi. Ya kukatia kona."

 

"Chini ya kila bidoni kuko mama, mutoto wangu," Mama Constance alisema.

Placide alivua miwani. Aliomba radhi, akaahidi kuwaambia wenzake, ila akasema yeye si bosi wa ziwa. Shefu aliandika barua kwa wakubwa wake kule Fizi. Nadhani hiyo barua ingali inapanda kilima kwa miguu.

Mama Constance hakungoja. Aliwashawishi wenzake wa ufuo wetu wachomoe bidoni zote, boti zikose pa kukatia kona, kila mtu atafute gunia lake kwa nyayo.

Jumamosi ikawa siku ya nne ya gunia lake. Alisimama maji yakimfika magotini, ametega sikio kuelekea katikati ya ziwa. Nilianza kumtania, nikaacha. Akasogea, akapapasa kwa mguu, akazama. Wakati huohuo moteri ikalia.

Maji yalikuwa matupu, hakuna njano hata moja, na mimi mwenyewe sikujua nitazame wapi. Nilipiga kelele kama mjinga, moteri ikanimeza. Boti nyekundu ilikuja moja kwa moja, ikasita kama mtu aliyepotea njia, kisha ikageuka ikaenda zake. Mama Constance aliibuka amekumbatia gunia, anakohoa.

"Imeenda?"

Nikamwambia imeenda, na nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Moteri haikuwa imezima. Ilikuwa inalia kule mdomo wa mto, inapanda na kushuka, kama inavyolia ikikata kona.

"Bidoni za Suzanne," alisema. "Ni mi nilimuambia aweke."

Gunia lilimponyoka, likazama bila alama. Alikuwa tayari anakimbia juu ya mchanga, kitenge kimemng'ang'ania miguuni, anaita jina la Suzanne kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa nyuma yake nilikuwa siisikii.