Nilipiga Simu Kuulizia Cheti cha Mgonjwa, Nikaambiwa Nisiyopaswa Kuyajua

Wapendwa, nimesoma visa vya wenzangu hapa muda mrefu bila kudhani siku moja na mimi nitaandika. Admin, nisitiri jina. Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Katubuka, Kigoma. Kwetu ni Mbeya, huku nililetwa na kazi. Ni afisa utumishi wa shirika linalohudumia wakimbizi.

Tuna mkalimani, nimwite Yusta, binti wa Kidahwe. Kiha ndiyo lugha ya mama yake, na Kirundi hakimpi shida. Wakimbizi wakihojiwa kambini, yeye ndiye hukaa katikati. Mtu akisema, "Niliona wakimchoma mwanangu," Yusta naye anasema kwa Kiswahili, "Niliona wakimchoma mwanangu." Kazi inataka hivyo, aseme "mimi." Kutwa nzima, mwaka wa nne sasa. Sikuwahi kulifikiria hilo. Mimi kazi yangu mafaili.

Wiki iliyopita akaleta ED ya siku saba, yaani cheti cha daktari cha kupumzika, imeandikwa malaria. Ilikuwa ya tatu ndani ya muda mfupi. Halafu dereva wetu akasema amemwona Kibirizi asubuhi, kakaa mchangani anaangalia ziwa, mzima kabisa. Bosi akaniita. "Hii karatasi ina walakini. Piga zahanati, hakikisha."

Nikapiga. Nilipaswa kuuliza jambo moja tu: cheti hiki ni chenu? Dada wa mapokezi akajibu ndiyo, ni cha kwetu. Ningekata simu hapo. Lakini kiherehere, ndugu zangu! Nikauliza, "Kwani hiyo malaria ilikuwa kali sana?"

Akacheka kidogo. "Malaria ipi, dada? Kipimo hakikuonyesha kitu. Huyu anatibiwa mambo ya akili. Hapati usingizi, anasikia watoto wanalia. Alimwomba daktari aandike malaria ili kazini wasijue."

Na mjue, semina ya kulinda taarifa binafsi za watu niliiandaa mimi mwenyewe, nikawasainisha wote. Kabla sijatulia, bosi kasimama mlangoni. "Wanasemaje?" Nikajikuta nimesema, "Cheti ni chao, ila malaria hakuwa nayo."

Mengine sikumwambia. Lakini yeye alishasikia alichotaka: kadanganya. Anataka nimwandikie taarifa kufikia Ijumaa, amwachishe kazi.

Yusta aliporudi Jumatatu alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango. "Shikamoo dada. Ulipiga zahanati?"

"Nilipiga. Wamesema cheti ni chao."

"Na nini kingine?"

Nikashindwa kumtazama. Akaelewa. Hakulia wala hakufoka, bora angefoka. Akasema taratibu, "Dada, wale watu kambini wananiamini. Wakisikia naumwa hivi, watasema maneno yao ndiyo yamenivuruga, na hakuna atakayefungua kinywa tena. Kijijini ndiyo usiseme. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kama mwongo, nisifukuzwe kama kichaa. Nakuomba."

Tangu siku hiyo situlii. Nafungua kompyuta, naandika mistari miwili, nafuta. Natoka nje, narudi. Nikieleza ukweli wote, huenda bosi akamhurumia, lakini nitakuwa nimemwanika mtu aliyeniomba nisimwanike, na yule daktari na dada wa mapokezi nao watakuwa matatani. Nikiandika tu kwamba cheti ni halisi, bosi atauliza mbona nilimwambia hakuwa na malaria. Nikinyamaza, Yusta anaondoka na jina la mwongo nililompa mimi. Mume wangu anasema nisijiingize. Nimeshajiingiza!

Leo Jumatano ameondoka na gari la asubuhi kwenda kambini kutafsiri kama kawaida. Alinipungia mkono dirishani.

Ninyi mnaofanya kazi maofisini na hospitalini, na yeyote aliyewahi kubeba siri isiyo yake, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu: Ijumaa niandike nini kwenye karatasi ile?