Mkeka wa Upepo na Mgongo wa Mzee Wangu

Mzee wangu ana neno moja la kuijibu dunia nzima: iko sawa. Chai imekosa sukari, iko sawa. Mvua imeangusha choo cha nje, iko sawa. Nimeishi naye kwenye ndoa miaka thelathini na moja na bado neno hilo hunipandisha hasira, maana mimi ni mtu wa kusema. Kitu kikinichoma nasema kimenichoma, na jirani wa tatu anasikia.

Mgongo wake uliharibiwa na trekta. Aliendesha trekta miaka ishirini na tatu kwenye mashamba ya ngano kule Mau Narok, amekalia kiti cha chuma kilichotandikwa gunia. Tulipohamia Nakuru, nikafungua chumba changu cha kushona yunifomu za shule, yeye akaja na mgongo usiokubali hata kuinama kufunga kamba za viatu. Ukimwuliza, unajua jibu.

Kanisani tuna kikundi cha wanandoa. Kila mwaka ngano ikishavunwa tunabeba mabegi mgongoni, tunatembea siku mbili, tunalala kwenye mahema, tunaomba, tunaimba, tunachoma viazi. Zamani mzee wangu ndiye aliyetangulia mbele akianzisha nyimbo. Halafu mwaka mmoja tulienda Longonot, tukalala chini ya mlima juu ya vile vimikeka vyembamba vya sponji, na asubuhi hakuweza kuinuka. Mimi ndiye niliyemvisha soksi. Wenzake walipomwuliza, akasema iko sawa, ni baridi tu. Tangu hapo hakwenda tena. Kila mwaka alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ng'ombe wetu mmoja wa nyuma ya nyumba: eti anakaribia kuzaa. Kama ng'ombe huyo angezaa kila aliposingiziwa, leo tungekuwa na ranchi.

Mwaka huu njia ilipangwa ipite kwenye shamba lile lile alilolilima, ambako mimi nilikuwa kibarua wa kushona midomo ya magunia, ambako tulijuana. Jumapili moja tangazo lilitolewa kanisani. Jioni nilimkuta ameketi kwenye ndoo nyuma ya nyumba, anapaka viatu vyake vya kutembelea rangi, polepole, mpaka kwenye kisigino. Kisha akavirudisha ndani ya gunia na kulifunga. Roho iliniuma sana. Nikasema moyoni, mwaka huu huyu mtu ataenda, na akienda atalala, hata kama ni mimi wa kulaliwa.

Nikampeleka mjini kwenye duka la vitu vya kupanda milima. Muuzaji alitupokea vizuri, akatutandikia mikeka ya aina tatu sakafuni. Ule wa sponji tulishaujua. Wa pili ulikuwa na sponji ndani na valvu pembeni, unafungua unajivuta upepo wenyewe, lakini ukikunjwa bado ni mzigo. Wa tatu ulikuwa wa upepo mtupu, mwepesi, ukikunjwa unaingia kwenye kifuko cha ukubwa wa chupa ya maji. Mimi, fundi wa nguo, nikaugeuza nikaangalia mishono. Haukuwa na uzi hata mmoja, umeunganishwa kwa moto, na kitambaa kilikuwa imara. Nikaupenda.

Mzee wangu aliambiwa ajaribu. Akavua viatu, akavipanga, akalala chali, miguu pamoja, mikono kifuani, kofia juu ya mikono. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanaangalia, na mwenye duka mwenyewe akatoka nyuma ya kaunta kuja kuona. Alilala hapo kwa heshima zote kama maiti ya chifu. Muuzaji akamwuliza anauonaje.

Akasema uko sawa. Tukaununua.

Nyumbani alisema anataka kuuzoea kwanza, akautandika sebuleni. Siku tatu mfululizo nilipoamka kuwasha jiko nilimkuta ameketi kwenye kochi amejifunika shuka, na mkeka uko chini peke yake. Siku ya kwanza alikuwa ameamka kuangalia ng'ombe. Siku ya pili, ng'ombe. Siku ya tatu kabla hajafungua mdomo nilimwambia huyo ng'ombe nitamchinja. Nilipiga kelele, sikatai. Nilimwambia mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba mimi sitaki kulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama maji ya chai yamechemka.

Nikaukunja mkeka, nikarudi dukani peke yangu, nimejiandaa kwa vita. Vita havikuwepo. Muuzaji alikubali kunibadilishia kwa kuwa ulikuwa bado safi, ila akaniuliza swali moja.

"Mathe, kwani huyu mzee hulala aje?"

Nikamjibu haraka, chali, si ulimwona. Halafu aibu ikanishika. Mzee wangu hajawahi kulala chali tangu nimjue. Hulala kwa ubavu wa kulia, magoti ameyakunja, mkono chini ya shavu. Lakini mtu mzima wa kwetu atajikunjaje hivyo mbele ya wateja? Alilala vile mtu anavyolala akitazamwa, na mimi niliyelala nyuma ya mgongo huo miaka yote nilisimama pale nikaitikia kwa kichwa.

Muuzaji akanielekeza kwa upole. Anayelala kwa ubavu anahitaji mkeka mnene, kwa sababu uzito wote unakaa kwenye nyonga na bega, na wa kwanza ulikuwa mwembamba mno. Tena kule juu kuna baridi, na upepo ulio ndani ya mkeka mtupu hupoa pamoja na ardhi, kwa hiyo nitafute wenye kitu cha kuzuia baridi ndani. Akanipa mpana kidogo, unene wake kama kiganja changu kikisimamishwa. Ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, nikasema sawa, nitaubeba mimi.

Sasa sikia alichofanya mzee wangu. Nilikuwa nimemwachia mkeka na kifuko kikubwa kilichokuja nao cha kuujazia upepo, nikaenda kukata vitambaa. Yeye ni mtu wa trekta. Kwake kitu chochote chenye valvu ni tairi, na tairi isiyo na upepo wa kutosha ni hasara. Akaukunja, akaenda nao mpaka mtaa wa Rhonda kwa fundi wa pancha anayemfahamu, wakalazimisha ncha ya mpira wa kompresa kwenye valvu, wakaujaza. Alirudi ameubeba kichwani kutoka Rhonda, mgumu kama ubao wa kitanda, na majirani wakitoka milangoni kuangalia. Ni Mungu tu haukupasuka. Akautandika, akalala kwa ubavu kama nilivyomwagiza, ukambiringisha mpaka kwenye simenti.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye pale chini akasema iko sawa, na kicheko kikaniisha.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikavua kanga ya juu, nikalala mimi mwenyewe, kwa ubavu, kwa mara ya kwanza tangu shughuli hii ianze. Kweli ulikuwa ubao. Nikafungua valvu kidogo, upepo ukatoka, nyonga yangu ikaanza kuzama. Nikatoa tena kidogo. Ikafika mahali nilihisi nimebebwa kila upande na sakafu siigusi. Nikafunga. Kumbe raha yote ilikuwa hapo, kwenye kupunguza. Lakini nyonga zangu ni zangu, nimejaliwa, na yeye ni mifupa na shati. Mahali pangu pa kusimama si pake. Nikamwambia alale, mimi nitashika valvu, yeye aseme tu simama.

Akalala. Nikaachia upepo. Hakusema kitu. Nikamwuliza, bado? Akasema iko sawa. Nikaachia tena, na tena, nikiangalia bega lake likishuka, mpaka mkeka ukalala kabisa na mfupa wake ukagonga simenti nikausikia. Hakusema simama. Nikaenda jikoni, nikajifanya namenya vitunguu. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimeishiwa. Mkeka mzuri kuliko wote haungemsaidia mtu asiyeweza kusema panapouma.

Hata hivyo alikuja. Asubuhi ya safari nilimkuta amevaa viatu, kamba zimening'inia, ananisubiri nimfungie. Nikamfungia. Tulitembea polepole nyuma ya wenzetu, na tulipofika kwenye lile shamba, yeye ndiye aliyewazuia kusimika mahema kwenye ngano iliyovunwa. Mabua yaliyobaki yangetoboa kila kitu, akasema. Akawapeleka kwenye nyasi karibu na mti wa uzio, akapapasa ardhi kwa kiganja, akatoa mawe mawili. Niliwaona wanaume wenzake wakimwangalia kwa furaha, maana walikuwa wamemkosa.

Ilikuwa bado saa kumi na moja jioni, baridi imeanza kushuka. Wenzetu walikuwa nje wanamenya viazi, hatua tano tu kutoka kwetu. Ndani ya hema niliujaza mkeka kwa kile kifuko, nikamwambia alale tuupime kabla giza halijaingia. Akalala kwa ubavu. Nikashika valvu.

"Useme," nikamwambia. "Sitakubembeleza tena. Wewe useme tu."

Upepo ukaanza kutoka. Kupitia mlango wa hema alikuwa akiangalia lile banda la trekta, sasa limepigwa mabati mapya. Akaanza kuongea bila kunigeukia. Akanieleza kwamba kila asubuhi kwenye lile geti kulikuwa na wanaume wamesimama, wanaojua kuendesha, wanangoja. Dereva aliyesema mgongo unamwuma, kufikia saa sita mwingine alikuwa amekalia kiti chake. Msimamizi alikuwa akipita akiuliza tu, uko sawa? Na watoto wetu walikuwa wanataka kula. Nilifanya kazi kwenye shamba hilo hilo, hatua chache kutoka banda hilo, na sikuwahi kulijua jambo hili. Niliona aibu kwa kila mara niliyompigia kelele.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye valvu. Akavuta pumzi.

"Inauma, mama," akasema. "Hapa. Punguza kidogo. Bado. Kidogo tena." Kisha akasema, "Simama."

Hakunong'ona. Nje visu vya viazi vilinyamaza, na najua walisikia. Nikafunga valvu, nikaweka kiganja changu kati ya nyonga yake na mkeka, kisha chini ya mkeka, nikahakikisha haugusi ardhi. Machozi yalinitoka nikayaacha. Yeye alikuwa amefumba macho, mkono chini ya shavu, magoti ameyakunja, mlango wa hema uko wazi, na kila mtu anaweza kumwona.

Asubuhi umande ulikuwa mweupe kwenye nyasi. Alitoka kwenye hema ameshika mgongo, maana mkeka si dawa, akaja taratibu kwenye moto ambako wanaume walikuwa wanakunywa chai. Mmoja wao akamwuliza kama tunavyoulizana siku zote, mzee, umelalaje? Nikasimama na sufuria mkononi, nikilisubiri lile neno.

Akapokea kikombe, akapuliza.

"Mgongo unaniuma," akasema. "Lakini nimelala."

Kisha akanyoosha mguu mmoja mbele yao wote, na yule aliyemwuliza akaweka kikombe chini, akainama, akamfunga kamba za kiatu.