Mtandio wa Kasuku

Siku hizi mtu akifika kwako hapigi hodi. Anasimama nje na kukuandikia kwenye simu: "Niko nje." Kama mwizi anayejitangaza. Kwa jirani yangu Fundi Saa hodi ilidumu, kwa sababu ya mkewe. Ukipiga, mama yule alijibu kutoka jikoni, "Karibu! Kwani unangoja kubebwa?" Kasuku wao, Balozi, akaiokota sauti ile jinsi ilivyo.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Fundi aliendelea kukaa mezani kwake dirishani, lenzi jichoni, akingoja saa ambazo watu hawavai tena. Kila asubuhi nikipiga hodi, Balozi alijibu, "Karibu! Kwani unangoja kubebwa?" na Fundi aliinamisha kichwa, akijifanya anatafuta skrubu.

Mwaka huu kasuku alianza kukoroma. Kila akivuta pumzi mkia ulipanda na kushuka. Kisha akanyamaza, wiki tatu nzima. Nikawa naingia kimyakimya nisimshtue.

Binti wa Fundi akamleta daktari wa wanyama, msichana mwenye viatu vya raba. Nilikuwa tayari kumdharau.

"Shikamooni, wazee. Tundu linasafishwaje?"

"Kama alivyosafisha mama," Fundi akajibu kwa fahari. "Nafagia kavu, kisha maji ya moto na dawa ya kung'arisha nguo."

"Na ndege yuko humohumo, babu?"

"Aende wapi? Ana nauli?"

Daktari hakucheka. Aliinua mtandio wa bluu uliofunika tundu, akaunusa. "Na harufu hii?"

Fundi akarudi kutafuta skrubu. Binti ndiye aliyejibu. "Mtandio na manukato ni vya marehemu mama. Baba anaupulizia kila wiki."

"Ili ndege asimsahau," Fundi akasema.

"Babu, mapafu ya kasuku ni mepesi kudhurika. Vumbi la kinyesi, mvuke wa dawa, manukato, vyote vinamuumiza. Mtandio huu ufuliwe au uondoke humu."

Tulijaribu kumfunika kwa shuka. Balozi alipigapiga mabawa mpaka pumzi zikamwishia. Tangu kinda amelala chini ya mtandio ule tu. Siku mbili Fundi alikaa nao mapajani.

"Chupa imekwisha," akaniambia. "Nikiufua, basi tena."

"Usipoufua utabaki na harufu na ndege maiti."



Jumamosi binti alimpeleka Balozi chumba cha pili, kwenye kitundu kidogo, akafunga mlango. Fundi alivaa glavu, akajifunga kitambaa puani. Alizinyunyizia maji kwanza karatasi za chini ili vumbi lisiruke, ndipo akazikunja na kuzitupa. Trei, vikombe na vijiti vya kukalia alivisugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, na kwenye pembe akatumia brashi yake ya kusafishia magurudumu ya saa. Akasuuza mpaka povu likaisha, akaanika vyote juani vikauke kabisa. Sipendi kukiri, lakini yule wa viatu vya raba alikuwa sahihi. Njia ya zamani, ile ninayoililia kila siku, ndiyo iliyokuwa ikimkaba ndege.

Mwisho akauchukua mtandio. Aliunusa kwa muda mrefu, kisha akauzamisha kwenye beseni. Nilitazama pembeni.

Baada ya wiki mbili, kwa dawa za daktari, tundu safi na mtandio usio na harufu, mkia ulitulia. Balozi alikula, akachokoa manyoya yake. Lakini neno hakusema hata moja.

Asubuhi moja nikamkuta Fundi amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, umefungwa.

"Umefukuzwa?" nikamuuliza.

"Nyamaza. Wewe unayelalamika kila siku kwamba watu hawapigi hodi, mara ya mwisho ulipiga lini hapa?"

Fundi akasafisha koo.

"Hodi!"

Ndani, kijiti kikagonga chuma cha tundu.

"Hodi!" akarudia.

"Karibu!" ikajibu sauti ya mkewe, nyembamba, kama ya mtu aliyetoka kuugua.

Nilishika kitasa. Fundi akaukamata mkono wangu.

"Ngoja," akanong'ona. "Bado hajasema lile la kubebwa."